Maneno ya Britta Katika Kila Sanduku la Barua

Barabara ya Kanisani,
Elm Hollow, Wisconsin.
6 Aprili 2024

Mpendwa mdogo wangu Verlyn,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko Arizona, na lile goti limepata nafuu? Sisi huku miili ni mizima. Theluji imeyeyuka na matope yamefika mlangoni. Moyo ndio mgonjwa, na afadhali nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa wambea.

Unakumbuka mjukuu wangu Britta alivyochoma banda la baba yake wa kambo akiwa na miaka kumi na mitatu, na Jaji Kolbeck akanikabidhi nimlee. Kesi ilisikilizwa faragha na faili likafungwa kwa amri ya mahakama lisisomwe na yeyote, kwa sababu ya mambo ambayo yule mwanamume alimtendea. Wewe unayajua. Mji hauyajui.

Basi mwaka huu Kolbeck alikuwa anagombea tena ujaji wake kwa kura za wananchi. Eti uchaguzi wa majaji hauna chama! Kura zikiwa zimekaribia, kila nyumba ikaletewa kipeperushi: "Jaji anayewaachia wachoma moto." Chini yake maneno ya Britta mwenyewe, aliyoyasema mle mahakamani akilia: "Nilitaka na yeye alale nje." Kilichomfanya aseme hivyo hawakukiandika. Jina walilifuta, lakini banda lililochomwa hapa ni moja tu.

Na waliokituma, Verlyn, ni chama chetu, kile ambacho baba alitulea nacho kama dini. Bango lao lilikuwa limesimama uani kwangu!

Wendell, mwenyekiti wao, alipopita kumwombea kura mpinzani wa Kolbeck, nikamuuliza nani aliyewatolea siri ya mahakama.

"Aa, Mama Ardis, siasa ndiyo hivyo. Si jina tumelifuta?"

"Jina mmelifuta, mtoto mmemwanika. Ng'oa bango lako unitokee hapa!"

Aling'oa huku anacheka, hana haya hata chembe.

Redioni walimbana Kolbeck: kwa nini ulimwachia? Sentensi moja tu ingemwokoa, nayo ingemmaliza Britta. Akajibu kwamba faili limefungwa, basi. Jumanne akaangushwa. Kura yangu nilimpa yeye, na baba anisamehe huko aliko.

Jana ilikuwa Ijumaa ya samaki, ule mlo wetu wa pamoja ukumbini kanisani. Britta hugawa sahani pale, ila tangu kipeperushi kile alikuwa hataki kutoka chumbani. Nilimsihi mpaka akakubali. Mara Kolbeck akaingia, peke yake. Wote, Wendell akiwemo, walikodoa macho kuona kama hao wawili wanajuana, wapate uhakika wao. Britta akampelekea sahani.

Mzee akainua uso, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Ahsante, binti. Sidhani tumewahi kuonana. Unaitwa nani?"

"Britta," akamjibu, akampa mkono.

Nisalimie Lorraine na wanao. Mungu awasitiri, maana binadamu wameshindwa.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Ardis