Picha ya Kaburi Iliyokaa Chini ya Meza

Jumanne, Nyakunguru. Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la karasha za kusagia mawe limefunika mpaka migomba ya uani. Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu leo nikiongea na mtu nitamtukana.

Kwa msiopajua kwetu: dhahabu imetutia wazimu. Mgodi ukisemwa tu kwamba utapanuka, watu wanasimamisha vibanda kwa siku mbili na kupanda miti juu ya mawe, ili walipwe fidia. Tunaita tegesha. Wathamini wakija, kazi yao ya kwanza ni kutenganisha mji wa zamani na tegesha, na hapo ndipo biashara yangu ilipozaliwa. Miaka mitatu nimezunguka na kamera, nikipiga picha nyumba, visima, mashamba na makaburi, kila moja na tarehe yake, mwenye mji amesimama pembeni. Ubishi ukitokea, mtu anakuja kwangu kuchukua ushahidi wake.

Leo amekuja Bibi Bhoke. Nimempa shikamoo, hakuitikia. Jana kaburi la mumewe, Mzee Mwita, limeandikwa tegesha. Kosa ni saruji: wanawe walilijengea mwaka jana kwa heshima ya baba yao, na sasa linang'aa utadhani ni la juzi. Mimi nililipiga picha kabla ya saruji, likiwa rundo la mawe lililoota nyasi. Picha hiyo ingemaliza maneno yote. Wathamini wanarudi kesho kusikiliza mapingamizi, na kaburi linalohesabiwa kuwa halina mtu ndani halihamishwi na yeyote. Linasawazishwa pamoja na shamba.

Nikawasha kompyuta, Bibi amekaa kwenye kiti cha wateja, fimbo mapajani. Ukurasa wa picha ukagoma kufunguka. Nikajaribu tena, nikabadilisha bando, nikatoka nje kutafuta mtandao. Wapi!

Nikampigia Marwa. Marwa ni mtoto wa mjomba wangu, anaishi Isebania, ng'ambo ya mpaka, na ndiye niliyemchagua anihifadhie picha zote mtandaoni.

"Aki pole, dada," akasema. "Stima ilipotea wiki jana, ikarudi na nguvu, ikachoma ile mashine. Sikutaka kukushtua."

Ile mashine. Nikamuuliza ziko ngapi.

Moja.

Iko chini ya meza dukani kwake, karibu na ya fotokopi. Miaka mitatu nawaambia watu picha zao ziko juu, hazifikiwi na moto wala mwizi, kumbe zilikuwa zinapigwa teke na kila anayekuja kutoa kopi ya kitambulisho! Na fundi ameshasema hakuna kitakachotoka humo.

"Lakini pia wewe hukuniambia unataka zikae mahali pawili," akaongeza. Nikakata simu kabla ulimi haujaniponza.

Sasa niseme ukweli, maana hapa ndipo pangu pa kuusema. Hasira yangu kwa Marwa ni robo tu.

Nilipokuwa natafuta kampuni, nilizungumza na nyingine ya Dar. Dada mmoja alinieleza kwa utaratibu kwamba vitu vya mteja vinakaa kwenye majengo mawili, mikoa miwili, na kwamba ninaweza kuvichukua vyote siku yoyote nikitaka kuhama. Nilimsikiliza huku nikipiga miayo. Swali lililokuwa kichwani mwangu ni moja: huyu ni wa kwa nani? Simjui baba yake, simjui mama yake, nikikosewa nitaenda kulalamika kwenye mji gani? Marwa nilimjua. Nilimuuliza kama mjomba amepona mguu, akasema amepona, na mkataba ukawa umekwisha. Nina stashahada ya kompyuta, imening'inia ukutani pale. Sikumuuliza picha zinakaa wapi.

Kadi za kamera nilikuwa nazifuta kila wiki ili nipige nyingine. Hilo nalo nililiona ni ujanja.

Nilipomweleza Bibi Bhoke, nilitegemea alie. Hakulia. Alisimama, akanielekezea fimbo.

"Mimi sikusoma, Robhi. Lakini Mwita alipokufa, ng'ombe wake niliwagawa mazizi matatu, kwa ndugu watatu, wezi wakija wasiwamalize. Na wote watatu walikuwa ndugu! Wewe uliyesoma umemweka Mwita zizi moja?"

Kila mtoto wa huku anajua hilo kabla hajajua kusoma. Baba yangu mwenyewe ng'ombe wake wengine wako kwa ndugu zake Kisaka mpaka leo. Hata Marwa anajua, mshenzi yule.

Kuna jambo jingine ambalo Bibi hakulisema, na nadhani alilikumbuka, kwa sababu aliniangalia sana kabla ya kutoka. Siku ile nilipopiga picha ya kaburi, aliniomba nimsafishie nakala moja ya karatasi akaiweke ndani ya Biblia yake. Nilicheka. Nilimwambia, "Bibi, karatasi inaliwa na mchwa. Huku ninakoweka mimi haipotei."

Nilicheka kweli, na meno yakaonekana.

Namba ya yule dada wa Dar ninayo bado. Wiki hii nitampigia nimuulize kila nilichopaswa kuuliza wakati ule, na safari hii sitamuuliza ukoo wake. Nitaanza kupiga picha upya, mji kwa mji, na kila mwenye mji atapewa yake mkononi. Makaburi yaliyokwisha kujengewa saruji sijui nitayafanyaje.

Kesho saa tatu nitakuwa kaburini kwa Mzee Mwita. Nitawaambia wathamini kwamba mawe yale niliyaona kwa macho yangu, na nyasi zake. Wataniuliza picha iko wapi. Bibi Bhoke atakuwa amesimama pembeni, kama alivyosimama siku ile nilipompiga picha, akingoja kusikia ninavyojibu.