Maji Uliyoyachanganya Wewe

Baba, shikamoo. Najua ungeitikia, kisha ungeuliza hapohapo kama jiko linawaka. Tulia basi, nitalifikia hilo.

Tangu tukuzike, gesi ya hapa nyumbani Igoma ilianza kunuka. Mwenye kuiosha ulikuwa wewe: ikitoka kwenye shimo la samadi ilipita ndani ya pipa lako la maji ya kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ikaacha uvundo humo, ikafika jikoni safi. Maji yakichoka, uliyabadilisha. Safari hii yamechoka na wewe hupo. Na yale matumbo ya sangara uliyokuwa ukiyaongeza shimoni! Jamani Baba, nyumba nzima mayai viza.

Nikanunua kostiki, nikavaa glovu zako. Mkeo akasimama mbele ya pipa, khanga kiunoni. "Haya maji aliyachanganya mume wangu. Hayamwagwi." Nikacheka, nikidhani ananitania. Wapi! Unamjua mwenyewe akishakaza shingo. Nikamwacha, lakini roho haikutulia.

Juzi asubuhi nimerudi kutoka sokoni, namkuta kafunga dirisha la jikoni, anaimba. Ananiambia uvundo umekwisha, eti maji umeyasafisha mwenyewe huko uliko. Baba, mimi nilikuwa naunusa tangu mlangoni! Nikakumbuka ulivyonifundisha: "Uvundo ukipotea na maji hujabadilisha, usishangilie. Pua imelewa sumu. Toka nje." Nikamvuta mkono mpaka uani, nikafunga koki ya gesi. Nilikuwa nimeshakuzika wewe, sikuwa na nguvu ya kumzika na yeye.

Tulikaa chini pale uani. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Nikamweleza maneno yako yote. Halafu akaomba glovu.

Tulichimba shimo mbali na kisima. Akamwaga mwenyewe, taratibu, ndoo baada ya ndoo, hakutaka nimsaidie. Ndoo ya mwisho aliishika kidogo. Akasema, "Haya, Baba Kulwa. Nenda salama." Ndipo akalia, Baba, kwa sauti, na mimi pia. Siku ya mazishi hakuweza hata kusogea kaburini kutupa udongo, unajua? Watu walisema mengi. Kumbe alikuwa hajakuaga.

Tumechanganya maji mapya, na jiko linawaka, moto wa bluu. Nakuahidi nitabadilisha maji mapema, na Mama hatabaki peke yake. Lala sasa, Baba yangu. Ameshakuruhusu.

Binti yako, Kulwa