Gundi Niliyoibonyeza Ikiwa Baridi

Karakana ya Vifaa vya Umeme,
S.L.P. 318.
9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na unalala vizuri. Sisi huku ni wazima, ila mke wangu amenuna kidogo, na sababu utaisoma.

Nakuandikia kukushukuru. Mara iliyopita nilijigamba kwamba hospitali imenipa kazi ya kutengeneza bodi za umeme za mashine zinazowapa joto watoto njiti. Nilizimiminia ile gundi ya kuzuia unyevu, nikazianika juani kutwa nzima, nikabonyeza kwa ukucha. Ngumu kama jiwe. Nikazifunga ndani ya mashine. Wewe, uliyefanya kazi hiyo hiyo kiwandani miaka ishirini, hukunipongeza. Uliniuliza swali moja tu: niliibonyeza gundi ikiwa moto au baridi?

Kusema kweli, nilikasirika. Nikachukua bodi ya akiba nikaitia katika oveni ya mikate ya mke wangu, kwa joto lile ambalo bodi hulipata mashineni, karibu na koili ya kupasha moto. Ukucha ulizama kama kwenye sabuni iliyolowa. Gundi ikilainika hivyo unyevu unapenya, na mashine inaweza kumuunguza mtoto au kumwacha apoe.

Nilikwenda wodini nikamwambia muuguzi mkuu ukweli, nikingoja kufukuzwa.

"Umekuja mwenyewe, hilo limetosha," alisema. "Haya fundi, zifungue."

Watoto wawili waliokuwa ndani wakahamishiwa vifuani mwa mama zao.

Bodi nilizioka kama ulivyokuwa ukinisimulia mlivyofanya kiwandani, nikipandisha moto kidogo kidogo kwa saa sita ili gundi ikomae mpaka ndani. Sasa nazibonyeza zikiwa za moto na kinachoumia ni ukucha. Oveni nayo inanuka gundi, na mke wangu ameapa kwamba hataoka tena humo. Ana haki.

Jana nilipita wodini. Mmoja wa wale wawili amefikisha kilo mbili. Mama yake alipoambiwa mimi ndiye fundi, alinishika mikono yote miwili akanishukuru mpaka nikaona haya. Lakini shukrani hizo zina mwenyewe. Basi nakuletea wewe, Shangazi. Ni zako zote, sijapunguza hata kidogo.

Nisalimie binamu zangu, hasa yule kitinda mimba wenu mwenye maneno mengi, na jirani yako mshonaji. Mungu akutunze, akuzidishie siku zenye afya.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda kuliko anavyoweza kuandika,

Fundi Waya