Kufufua Injini au Kubadilisha

Jumatatu, 8 Julai
Nimeongeza maji kwenye rejeta ya gari kabla ya kwenda kazini. Jana niliongeza. Juzi pia. Yanakwenda wapi sijui, chini hakuna hata tone. Kurudi, pale kituo cha Kwa Mathias, mshale wa joto umepanda mpaka mwisho, moshi mweupe nyuma. Nimezima. Mimi na vijana wa pale tumelisukuma mpaka gereji ya fundi Kassimu.
Gari lenyewe bei rahisi, nimelipata kwa mtu aliyelipata kwa mtu. Lakini ni langu.

Jumatano, 10 Julai
Kassimu amefungua. Gasketi imeungua, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, silinda moja imechubuka. Njia mbili. Kufufua hii: hedi ikachongwe Dar, vifaa visubiriwe, kazi ya wiki kadhaa. Au kununua injini ya mtumba kutoka Japani na kuifunga mara moja. Kassimu kasema, "Hii yako naujua ugonjwa wake, kaka. Hiyo nyingine siijui."
Jioni Zuhura kapiga simu. Yuko Chole, Kisarawe vijijini, kwa mama yake, ndiyo desturi yao mimba ya kwanza. Nesi wa zahanati amesema mtoto ametanguliza matako. Asijifungulie kule. Wiki ijayo awe Kisarawe mjini, karibu na hospitali. Nimemwambia nitakuja kumchukua. Sijamwambia gari liko juu ya mawe.

Alhamisi, 11 Julai
Kazi haikufanyika. Kila mtu ofisini ana jibu lake. Badilisha. Usibadilishe. Uza skrepa. Kichwa kinauma.
Nimemwambia Zuhura ukweli. Akasema, "Si ukodi tu gari, Rama?" Nimekataa. Mjomba wake alisema mbele ya watu, siku ya harusi yetu, kwamba mtu wa bara huyu atakuja kututembelea kwa lifti. Walicheka. Mimi pia nilicheka. Nataka nifike pale na gari langu, nimfungulie mlango mke wangu. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Ijumaa, 12 Julai
Nimeamua. Nabadilisha. Baada ya swala tumekwenda Dar mimi na Kassimu. Muuzaji kaiwasha injini ikiwa chini sakafuni, ikanguruma vizuri. Nimenunua.

Jumapili, 14 Julai
Imefungwa. Imewaka. Nimezunguka Maili Moja, nikaona raha. Kupanda kilima, ikaanza kugonga. Chuma kwa chuma. Kassimu kasikiliza, kazima, kanirudishia ufunguo.
Muuzaji anasema atatubadilishia, tumpe muda. Muda gani? Nimekaa ndani ya gari mpaka Kassimu akafunga gereji. Nina hasira na muuzaji. Na Kassimu, ambaye hana kosa. Na mjomba. Kesho nakodi gari. Basi.

Jumatatu, 15 Julai
Sikuwahi.
Nikiwa bado natafuta gari, mama mkwe akapiga. Uchungu umemshika Zuhura alfajiri, mapema kuliko walivyohesabu. Mama kapata kirikuu, kile kigari cha jirani cha kubebea mihogo, wako njiani kwenda Kisarawe. "Baba, we njoo. Usiulize gari, njoo."
Nimepanda pikipiki, njia ya Kiluvya. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimefika kabla yao. Kule kusubiri kwenye geti la hospitali ni kubaya kuliko yote. Kila gari nilidhani ndilo.
Wakaja. Zuhura kalala kwenye godoro nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake, khanga imelowa jasho. Nimesahau hata kumwamkia mama mkwe. Zuhura kanishika shati. Wakamwingiza upasuaji.
Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 16 Julai
Msichana. Wazima wote wawili.
Zuhura kaniuliza nimekuja na nini. Pikipiki, nikasema. Kacheka, akashika mshono, akaniambia nisimchekeshe tena. Nikatoka nje nikalia.

Jumapili, 21 Julai
Chole. Tumerudi jana kwa gari la kukodi. Mjomba alikuja kumwona mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Hakuuliza lolote. Kambeba, kamwombea dua, kaondoka.
Nimeomba likizo. Zuhura atakaa hapa mpaka arobaini, na mimi nitakaa kadiri nitakavyoruhusiwa.
Kassimu alipiga asubuhi. Muuzaji kapata injini nyingine, anataka jibu leo. Nimemwambia arudishe ile inayogonga, adai hela yangu, kisha aichukue ya zamani akachongeshe hedi na kuifanya yote kwa nafasi. Hapakuwa na la kufikiri. Haraka imekwisha.
Mama mkwe anamkanda mtoto kwa mafuta ya nazi. Ananifundisha kushika shingo. Mikono yangu migumu, anasema, nilegeze. Nimelegeza. Mtoto kapiga miayo, kalala.