Nimemchora Mama Mkwe Akicheza

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijahama mji. Mimi ni msusi, na wateja wakichelewa huwa nachora kwenye simu kwa kidole, sijafundishwa na mtu, nimejifunza kwa kuangalia video na kukosea, na mwanzoni nilikuwa nachora wanawake wa nywele za kuteleza na pua nyembamba kama kalamu, mpaka mteja mmoja niliyekuwa namsuka akachungulia akasema, "Hawa ni wa wapi? Mbona humu saluni hawajawahi kuingia?" tukacheka, lakini maneno yakaniingia, nikaanza kuchora watu wetu, weusi wa kung'aa, nywele za kipilipili zimetuna kichwani, vitenge vya rangi kali, na wote wana furaha, maana nimechoka kuona picha zetu tunalia tu.

Nikaziweka mtandaoni, watu wakazipenda. Sasa zahanati ya mtaani imechagua moja ijaze ukuta mzima wa wodi ya wazazi, na hiyo moja, mshauri, ni mama mkwe wangu akicheza jikoni kwake, mwiko juu, viatu kavua, kiuno kimekataa kustaafu. Nilimwona dirishani, yeye alidhani yuko peke yake. Mbele za watu mama huyu hacheki hata umtekenye, tena ndiye mkunga mstaafu wa zahanati hiyohiyo, wauguzi wakimwona wanachomekea mashati. Mume wangu anasema, "Si umbadilishe sura tu?" Nimejaribu, picha ikafa, anaonekana anafukuza nzi. Nifanyeje?

Msusi Mwenye Hofu

*

Mwanangu Msusi,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakukasirikia. Umejifundisha kuchora bila mwalimu, kubisha hodi ndiko kumekushinda? Na huyo mumeo msalimie, mwambie ushauri aniachie mimi.

Kumchora si kosa. Kosa ni kuchungulia dirishani, ukaondoka na furaha ya mtu, ukaionyesha dunia nzima kabla ya kumwonyesha mwenyewe. Hilo sikufichi, limeniudhi.

Lakini fikiria pia. Mama huyu amepokea watoto wa mtaa mzima, akiwafokea kina mama wasukume, huku yeye mwenyewe amejikaza asiogope. Furaha yake alikuwa anaiweka wapi? Wewe umepaona. Wengine hawajui hata kama ana meno.

Basi kesho asubuhi, kabla hujafungua saluni, nenda kwake peke yako. Usimtumie kwenye simu, usimtume mumeo. Mwambie, "Mama, nilikuona ukicheza, nikafurahi, nikakuchora bila kukuomba. Nisamehe." Mpe simu, halafu nyamaza, najua utaona tabu.

Akisema hapana, ni hapana. Ifute mbele ya macho yake, zahanati wapelekee nyingine, na usinune. Akisema ndiyo, usimrukie shingoni kwanza. Muulize angependa kuvaa kitenge gani, maana huwezi kumrudisha mkunga kazini, hata kama ni ukutani tu, na nguo za jikoni.