Theluji ya Neema

Alkhamisi, watoto washalala

Na mie nilidhani safari hii ni yangu! Mwezi mzima nnatafuta hoteli inayopokea watoto wachanga, yenye mwalimu wa kumfundisha mwanangu Raya kuteleza kwenye theluji.

Leo tumekwenda madukani, mtaa wa Ghubra, kununua makoti ya safari. Raya kauliza theluji ikoje. Nafungua mdomo nimjibu, keshamgeukia Neema, yaya wetu. "Dada, hebu nihadithie tena."

Neema kwao Moshi. Kamwambia kila asubuhi akitoka nje kuwasha moto alikuwa akiuona Mlima Kilimanjaro, kileleni kweupe pee. Mwanangu kamtazama kana kwamba theluji yote ya dunia ni yake.

"Mie ntateleza na dada," kasema. "Mama atakaa hotelini na mdogo wangu."

Na huyo mdogo, nilipomvalisha kofia, kalia mpaka Neema alipomchukua.

Neema hana kosa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jioni mume wangu kauliza viza ya Neema ya kusafiri nasi imefikia wapi. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Wamemkatalia, maskini."

Pasipoti yake imo mkobani mwangu. Sijaipeleka popote.