Siku Saa Mbovu Walipopiga Ushongo

Jumatatu, 4 Agosti

Kuanzia Horohoro hadi Pangani hakuna mtu anayejua muziki kunishinda mie. Hata jogoo wa jirani huchungulia dirishani kwangu alfajiri kuuliza aanze na sauti gani. Juzi nilimwambia ashushe kidogo. Kashusha.

Abiria haba leo. Nimeosha bajaji, nimekaa foleni sokoni, nimefungulia ile roki anayonitumia Mjomba Idrisa kwenye simu. Mama mmoja akapanda na kapu lake la dagaa, njiani akasema, "Wee kijana, redio yako imeshikwa na degedege." Nikamwambia huo muziki wa wasomi. Akashuka hata hajafika kwake. Akasema bora miguu.

Mie niliishia kidato cha pili, lakini hilo halihusiani.

Wimbo mmoja wa Mjomba unatoka Nguvumali, unafika Raskazone, unarudi Nguvumali, bado haujaisha. Katikati unadhani umekufa. Unafufuka. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne, halafu wanakunyang'anya ile ya nne. Mguu unabaki hewani kama umekosa kidato cha ngazi.

Bendi yake ya Dar inaitwa Saa Mbovu. Wazee wanne. Hawatungi chochote. Wanaiga bendi moja ya Waingereza ya enzi hizo mama yangu hajazaliwa, sauti kwa sauti, mpaka kikohozi. Jumamosi wanapiga Ushongo, hoteli ya ufukweni. Washabiki wanakuja toka Arusha, wengine Nairobi. Mie niliigilizia mtihani mmoja tu nikarudishwa nyumbani. Hawa wanaigilizia, wanapigiwa makofi. Sielewi.

Jumatano, 6 Agosti

Mjomba kapiga simu. Sauti yake ya leo siyo ile ya utani.

Kisa nakijua, kila mtu Nguvumali anakijua. Bibi alikuwa mwimbaji wa taarabu, na Mjomba, mwanawe, ndiye aliyekuwa akimpigia kinanda. Msimu wa harusi umepamba moto, Mjomba akaondoka kwenda Dar kufuata magitaa. Hakuaga. Bibi akapanda jukwaani siku hiyo bila kinanda. Watu wakacheka. Kikundi kikafa. Tangu hapo Mjomba anakuja Idi tu, na wanaamkiana kama watu waliokutana benki.

Bibi hajamtunza tena. Na hapa kwetu kutunza hakuna uhusiano na ukubwa wa noti. Mtu yuko jukwaani anapiga, wewe unainuka, unakwenda kwa madaha mbele za macho ya watu, unambandika noti yako kwenye paji la uso. Umeshasema. Huyu wangu. Hakuna kadhi wa kutengua.

Mjomba akasema, "Mjomba, mlete Mama Ushongo. Usimwambie kitu. Akiinuka kunitunza, nafunga chumba changu cha Dar, narudi kukaa naye. Asipoinuka nimepata jibu, sitamsumbua tena."

Nikamwambia niachie mie. Mie ndiye mie.

Baada ya kukata simu nikaosha bajaji tena. Haikuwa chafu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mji mtupu nusu. Nilikwenda kwa Bibi baada ya sala.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kula au umekuja kunitazama?"

Nikala kwanza. Halafu nikamwambia kwamba mwanao anapiga kesho Ushongo, nakupeleka, gari ninalo. Gari si langu, ni Noah ya rafiki yangu Kombo, ila siyo lazima mtu ajue kila kitu.

Akaendelea kuchambua mchele. Nikadhani kesi imekwisha. Kumbe anafikiri.

"Huko kunatunzwa?"

Mie sikumwambia neno la kutunza, wallahi. Kalitoa mwenyewe. Nikasema kunatunzwa sana.

"Sasa nitajuaje wakati? Taarabu neno likinichoma, nakwenda. Ninyi mnasema huko hakuna maneno."

Swali zuri. Nikajibu haraka, kabla sijalifikiria. Nikamwambia, Bibi, mie huo muziki naujua ndani nje, utakaa na mie, wakati ukifika nitakukonyeza.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Kaniamini. Mara ya kwanza mtu mzima kuniamini mwaka huu. Nilitoka pale natembea kama mbunge. Nimeusikiliza ule wimbo mrefu mpaka sasa hivi. Wakati wenyewe siuoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo ndiyo leo. Kombo yuko nje anapiga honi kama anauza samaki. Bibi kavaa baibui jipya na udi juu yake, Noah nzima inanukia harusi. Noti mpya kaifunga kwenye pindo la kanga. Nimeiona. Nimejifanya sijaiona.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Naandika sasa. Nitaanza na watu, kwa sababu wale watu walinichanganya kuliko muziki.

Kwanza, wamekaa. Roki, wamekaa! Viti vimepangwa mchangani kama kwenye mkutano wa kata. Mie nilidhani roki ni watu kurukana vichwa. Nyuma yetu mzungu mmoja wa Arusha, kipara kinang'aa kama sahani ya Idi, fulana ya ile bendi yenyewe ya Uingereza imepauka hata maandishi hayasomeki. Gitaa lilipoanza kulia, akalia na yeye. Machozi. Hajapigwa, hajafiwa. Mbele yetu mzee wa Maramba, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, anahesabu kwa vidole: "Saba. Saba. Tano. Eh, Bwana! Saba." Jasho linamtoka. Wavulana wa Ushongo wamesimama pembeni, walijaribu kucheza, wakagongana, wakaenda kutafuta mpira.

Saa Mbovu nao hawachekeshi mtu. Mjomba kavaa kofia yake ya viua, ile ya kudarizi, kazungukwa na vinanda vitatu kama muuza nazi kati ya mafungu yake. Alipoingia alimtafuta Bibi kwa macho. Akampata. Akainama kidogo. Bibi akapiga kigelegele.

Kile kigelegele, jamani. Kirefu, cha kazi, cha mwimbaji. Kilipita juu ya spika.

Mama mmoja wa kizungu akageuka, akaweka kidole mdomoni. Shhh. Kombo, aliyekuwa kule kwenye magari, nilimwona anajikunja kwa kicheko. Nilisikia masikio yanawaka. Nikamwinamia Bibi nikamwambia huku hakuna kigelegele, Bibi, huku watu wanasikiliza. Akasema, "Kwani mie nilikuwa nafanya nini?"

Baadaye kidogo ikaadhiniwa alasiri, msikiti uko karibu pale. Wimbo uko katikati, unachemka. Mjomba akainua mikono kwenye kinanda. Wenzake wakaacha. Kimya, adhana peke yake na upepo. Wale washabiki wakafumba macho. Hawakujua! Walidhani ndiyo wimbo wenyewe. Adhana ikaisha, Mjomba akapiga sauti moja, wote wakaingia pale pale walipoachia, na watu wakashangilia kama goli la dakika ya mwisho. Kipara akamwambia jirani yake kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba ameusikiliza wimbo huu tangu ujana wake na leo ndiyo mara ya kwanza kuuelewa. Nilitaka kucheka. Nikashindwa. Labda kweli ameelewa. Nani ajuaye.

Halafu likaja lile pigo la Mjomba peke yake. Wenzake walishusha, dramu zikawa kama mtu anafagia uani, na yeye akabaki na kinanda kimoja. Taratibu. Kirefu. Sijui nisemeje. Kipande kilikuwa cha Kiingereza, lakini vidole vilikuwa vya Nguvumali. Alikuwa anazungusha sauti mwishoni vile wapigaji wa taarabu wanavyozungusha, kwenye muziki ambao hautaki kuzungushwa. Mwalimu wa Maramba akaacha kuhesabu.

Bibi aliinuka kidogo. Akakaa tena.

Magoti labda. Kiti cha plastiki mchangani kinazama.

Mjomba aliona. Alikuwa anatazama huku huku. Akarudisha macho kwenye kinanda. Baada ya hapo akapiga sawasawa na wale Waingereza, hakuzungusha tena hata moja.

Wakamaliza. Wakainama. Watu wakasimama wote, makofi mpaka minazi ikatikisika. Mjomba hakushuka tulipo. Tulipofika nyuma ya jukwaa, tukaambiwa kapanda gari la vyombo, wamewahi kivuko cha Pangani. Bibi akasema, "Ana kazi." Njia nzima mpaka Tanga alifunga na kufungua pindo la kanga, na Kombo naye, ajabu, hakupiga honi hata moja.

Sijui kilichoharibika. Labda muziki haukumgusa Bibi. Ndiyo hivyo.

Jumanne, 12 Agosti

Mjomba hapokei. Nimempigia mara nyingi mpaka simu inaona haya.

Kombo kaniuliza kijiweni mbele za watu, "Fundi wa roki, bibi yako alikaa kwa nini?" Nikamwambia amuulize magoti yake. Akasema, "Magoti? Asubuhi ile alipanda Noah kwa kuruka." Wote wakacheka. Kwa kawaida mie ndiye ninayechekesha pale. Nilipata jibu la kumrudishia, zuri sana, la mamake. Nikalimeza. Nikawasha bajaji.

Mchana nani ananisimamisha barabarani? Kipara. Yupo Tanga siku mbili kabla ya kurudi Arusha, anataka kuona bandari na majengo ya zamani. Nikamzungusha. Alinikumbuka. Maneno tele, anaeleza Jumamosi ile kama mtu anayeeleza harusi yake. Alivyolia. Alivyompigia simu ndugu yake akashindwa kuongea. Alivyosikia ule mzunguko wa kinanda ambao haumo kwenye sahani ya santuri, na kwa sekunde chache hakujua yuko wapi, na kwamba alifurahi kutojua.

Halafu akasema, "Yule mama mzee pale mbele yangu. Alisimama. Nikasema moyoni, huyu anakwenda. Miaka yote naenda kwenye maonyesho haya, tumekaa, tumekaa, tumefumba macho. Nilitaka mtu mmoja tu ainuke. Kwa nini alikaa?"

Nikasema sijui, mzee.

Nikapita shimo nililolijua tangu utoto. Akagonga kipara juu. Nikaomba radhi.

Nimechanganyikiwa. Mmoja wa wale wageni niliowaogopa ndiye huyo huyo aliyekuwa akingoja.

Jumatano, 13 Agosti

Sikutoka. Bajaji nzima, mie mgonjwa. Hapana, si mgonjwa. Sikutoka tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mjomba kaandika. Mistari miwili. Amelipia chumba chake tena. "Mwambie Mama namsalimu, na kwamba nimeelewa."

Nikaenda kwa Bibi. Alikuwa uani, anaanua nguo. Nikamsaidia. Akauliza Idrisa kasemaje. Nikasema anakusalimu. Akangoja niongeze. Sikuongeza.

Akakunja shuka upande wake, mie upande wangu, tukakutana katikati. Akasema, "Kosa langu, mume wangu. Muziki wa watu sikuujua. Nilikurupuka."

Nikasema hapana, Bibi. Basi. Hapo ndipo uhodari wangu wa kusema ulipoishia. Kaingia ndani na nguo.

Sasa niko peke yangu, jua bado lipo, watoto wa jirani wanacheza rede. Nitaandika halafu nitafunga.

Hakukurupuka. Magoti yake mazima. Alikuwa ameshafungua pindo, noti iko mkononi, ameshatupa hatua ya kwanza kwa madaha kama alivyokuwa akiingia jukwaani. Hakuhitaji kukonyezwa na mtu. Mie ndiye niliyemshika kanga kwa chini nikamvuta. Nikamwambia, "Bado, Bibi, kaa, watu wanatutazama." Na nilijua kwamba si bado. Nililijua lile pigo tangu sauti ya kwanza, nywele zilinisimama. Lakini yule mama alikuwa ameshatunyamazisha mara moja, na Kombo alikuwa ameshacheka, na mie sikutaka kuwa mjukuu wa yule bibi kizee anayemfuata mpiga kinanda na noti mbele ya wageni.

Niliona haya. Akakaa, kwa sababu nilimwambia mie ndiye ninayejua.